Mshamba si mjinga

Asubuhi moja kwenye kituo cha mabasi cha Kisenyi, Kampala, kijana aliyeshuka basi la Arua alimkabidhi muuza chai begi na kuku wawili waliofungwa miguu. “Mama, nishikie, naenda chooni.” Akaenda bila kugeuka nyuma. Makondakta wakacheka: “Mshamba huyo!”

Neno hilo limetoka shambani, ila mjini halisemi mtu amelima wapi. Linasema hajui dunia, na mara nyingi linaongeza kuwa akili yake ni fupi. Hapo ndipo ninapokataa.

Wanaoonya dhidi ya kuamini watu ovyo wana hoja. Asiyepatana bei kabla ya kupanda bodaboda atalipa mara tatu, na wapo wasichana walioahidiwa kazi nzuri Uarabuni, wakafika huko wakanyang'anywa pasipoti. Mzazi anayemwambia mwanawe asimwamini kila anayemchekea anamwokoa.

Lakini yule kijana alifanya hesabu iliyo sahihi kwao. Kijijini, anayekushikia mzigo unamjua kwa jina, kwa ukoo na kwa mlango wa nyumba yake. Akikuibia, aibu hiyo ataishi nayo, na wanawe watairithi. Imani ya kijana ina dhamana, ila dhamana hiyo haikupanda basi pamoja naye. Anachokosa ni habari za mahali, na hizo mtu huzipata ndani ya wiki mbili.

Na wajanja wa mjini je? Mwaka 2019, hapa Uganda, kampuni ya Dunamiscoins ilichukua fedha za watu kwa ahadi ya faida ya hadi asilimia 40, ikitaja sarafu za kidijitali. Disemba ikafunga ofisi ghafla, na maelfu wakabaki wanalia. Hiyo 40 hainitoki kichwani. Weka shilingi 1,000,000, inakuwa 1,400,000. Izungushe mara 10 bila kutoa kitu, unakaribia milioni 29. Kahawa haizai hivyo, wala samaki wa Ziwa Viktoria, wala duka lolote la Kikuubo, mtaa wa biashara Kampala. Anayesubiri mche wa kahawa miaka miwili au mitatu ndipo avune angeuliza kwanza faida hiyo inatoka wapi. Mtego ule haukutegwa kwa ajili ya aliyeshuka basi jana. Ulimtaka mtu anayedhani anaelewa mambo ya kisasa, anayeona haya kuuliza asije akaitwa mshamba. Kwa hiyo kicheko cha makondakta nakiona kina madhara kuliko ugeni wenyewe: kinamfundisha mgeni kunyamaza.

Kijana aliporudi, mama alikuwa amewasogeza kuku kivulini. Akamgombeza kwa upole: “Mwanangu, usirudie, mimi hunijui.” Kisha akamtajia nauli ya boda hadi Nakawa, asikubali kuzidishiwa. Kijana akaitamka bei hiyo mara mbili kwa sauti, akabeba kuku wake, akaenda kupatana.