Kiherehere kilivyonifungia ndani kule Selma

Kwanza niseme ukweli wangu, mimi sio fundi rangi na sijawahi kuwa. Brashi nilishika mara moja tu maishani, Morogoro, niko darasa la sita, tulipaka chokaa mawe na miti ya shule kwa sababu mkuu wa wilaya anakuja, na hakuja. Basi huo ndo uzoefu niliobeba mpaka Alabama.

Ilikuwa Machi 2023, nasoma Marekani, jimbo la kaskazini lenye baridi ya kugandisha makamasi. Chuo kina utaratibu wake, likizo fupi ya Machi wenzenu wakienda beach nyie mnapakiwa kwenye gari kama Hiace mnapelekwa kusini, mnatembezwa sehemu ambazo watu weusi walidai haki zao, halafu mnafanya kazi za kujitolea. Nilijiandikisha kwa sababu ya historia. Na chakula cha bure, sitawaficha.

Tulianzia Birmingham, kwenye kanisa la Baptist la 16th Street ambapo Septemba 15, 1963 bomu liliua mabinti wanne, ng'ambo ya barabara kuna Kelly Ingram Park na sanamu za mbwa wa polisi zimechomoza pande zote mbili za njia na wewe unapita katikati, nikaruka pembeni nikamkanyaga Mkorea wetu. Kesho yake Montgomery, kwenye mnara wa kumbukumbu wa watu walionyongwa na makundi ya wazungu, nguzo za chuma zaidi ya 800, mwanzoni ziko usawa wa uso wako, afu sakafu inashuka taratibu mpaka unakuta zinaning'inia juu ya kichwa. Pale hakuna aliyeongea hata kwenye gari. Siendelei hapo, nimekuja kuwachekesha.

Sasa Selma, hukohuko Alabama. Mji ulipigwa na kimbunga Januari 12 mwaka huohuo, kwahiyo tulipofika mapaa mengi bado yamevaa maturubai ya bluu. Tukapangiwa nyumba ya bibi mmoja wa miaka sabini hivi, nyumba ya mbao imeinuliwa juu ya vinguzo vya matofali, mti ulianguka nyuma ukabomoa mlango wa uani na pale wakapigilia plaiwudi. Shikeni hiyo ya mlango wa nyuma.

Bibi katoka kutusalimia, mimi mdomo ukaniponyoka, "Shikamoo!" Akanitazama kwa huruma, "Hapana mwanangu, sio Chicago, dada yangu ndo alihamia kule kaskazini, na yeye alienda Detroit." Nikamwambia ndio mama. Ningemwambia nini.

Kiongozi wetu, dada mmoja asiyeachana na ubao wake wa makaratasi, akaanza kugawa kazi, nani atabeba matawi, nani atakwangua ukuta, akauliza kama kuna mtu anajua kupaka rangi ya sakafu maana kibaraza cha mbele kinataka mtu mwenye mkono mzuri. Jamani kiherehere ni ugonjwa. Mkono wangu ukanyooka wenyewe nikasikia sauti yangu inasema kwetu Tanzania ukoo mzima ni mafundi. Babu yangu alikuwa anauza samaki.

Nikapewa kopo la rangi ya kijivu, ile ya mafuta, nzito kama mlenda, na rola yenye mpini mrefu. Dada akasema jambo moja tu, tunaondoka saa nane, kuna mzee atatuvusha daraja la Edmund Pettus, lile la maandamano ya watu weusi ya 1965, huku anatuelezea, msichelewe. Hilo daraja ndo lilinitoa chuoni. Nikavaa earphone, nikaweka singeli, nikaanzia kwenye ngazi kwa sababu kule jua lilikuwa halijafika.

Mafundi wa kweli mmeshaelewa.

Singeli na rola ni ndugu, yani unavuta unasukuma unavuta unasukuma, nikawa narudi kinyumenyume nimeinama najisifia mwenyewe jinsi inavyong'aa, nakuja kushtuka kisogo kimegonga mlango. Nikageuka kushoto, rangi. Kulia, rangi. Mbele mita tatu za rangi mbichi mpaka kwenye ngazi na mimi nimesimama kwenye kipande cha ukubwa wa mkeka wa mtoto, rola mkononi kama askari wa lindo. Nikasoma kopo. Limeandikwa usikanyage kwa masaa 24.

Nikapiga hesabu ya kiume, hatua mbili ndefu natua kwenye ngazi, alama nitazipaka kwa mbali na mpini. Hatua ya kwanza kiatu kikanasa, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Kujaribu kurudi cha pili nacho kikakwama. Nikasimama kwa soksi nimeegemea mlango, na bibi wa watu kasikia purukushani akaufungua. Mlango unafungukia ndani. Niliingia kwenye ile nyumba kwa mgongo, rola juu, kama jini lililokataliwa huko lilikotoka.

Bibi akachungulia nje, akaangalia viatu vyangu vimesimama katikati ya baraza peke yake kama vinasubiri basi. Akaniangalia mimi. Akacheka mpaka akashika jiko.

Wenzangu wakakusanyika uani. Mlango wa nyuma plaiwudi na misumari. Madirisha nayo yalishapakwa rangi miaka na miaka mpaka yakashikana na fremu, hayafunguki, aliyeyapaka nadhani alikuwa wa ukoo wangu. Likabaki la jikoni tu, nalo liko juu na ngazi yetu ilishapelekwa nyumba nyingine tangu asubuhi. Saa nane ikafika. Dada kiongozi akasimama chini ya dirisha na ubao wake, hana hata aibu ya kuficha kicheko, akasema watarudi kunichukua, nikaona gari linaondoka kwenda darajani, Mkorea ananipungia mkono. Nilisafiri masaa kumi na nne nikaangalie daraja nikaishia kuangalia friji.

"Umekula?" bibi akauliza. Akaniwekea bakuli la kitu cheupe kinatoa moshi, wenyewe wanaita grits, ni mahindi, mimi nikaona huu si uji mzito jamani, au ugali uliokata tamaa njiani, nikajisikia nyumbani nikaomba sukari. Aisee. Yule mama alinitazama kama nimemtukania marehemu. Kule kusini wengi wanaweka chumvi na siagi, sukari unaomba ukiwa umeshaaga kwenu. Aliponiwekea na mboga zake za majani, sukuma wiki kabisa ila imepikwa na nyama ya nguruwe ya moshi, nikala kimya.

Afu akanipa bakuli la njegere nimenye, maana hawezi kukaa na kijana mzima hana kazi, na yeye akaanza kuongea. Mwaka 1965 alikuwa bado mtoto wa shule palepale. Anasema watu weusi walikuwa wengi ila walioandikishwa kupiga kura hata asilimia tatu hawafiki, ofisi ya kujiandikisha ilikuwa inafunguliwa siku mbili tu kwa mwezi na ukifika unaulizwa maswali ya katiba mpaka ushindwe. Siku aliyoikumbuka yeye sio ile ya darajani inayoonyeshwa kwenye sinema, ni Januari 22, walimu wao zaidi ya 100 walipoandamana kwenda kortini, wamevaa nguo za kanisani, walimu wale wanaowachapa, na wengine wamebeba miswaki wanainyoosha juu.

"Miswaki ya nini?" nikauliza.

"Walijua wanaweza kulala jela." Kumbe siku ile hawakufungwa, walisukumwa tu na virungu vya sherifu kwenye ngazi za korti, wakarudi tena, wakasukumwa tena. Watoto waliwapokea kama mashujaa, maana ilikuwa mara ya kwanza wanaona mwalimu naye anaadhibiwa. Halafu bibi akanikagua kuanzia soksi mpaka nywele. "Walimu wangu walikuwa wanaenda kufungwa na watu, wakabeba mswaki. Wewe umejifunga mwenyewe na mswaki huna."

Sikuwa na jibu. Nikamenya njegere.

Saa kumi na moja mjukuu wake akaja na ngazi. Kutoka dirishani ni kazi ya mtu mwembamba na mimi nilikuwa nimekula, nikakwama kiunoni, kichwa na mikono ndani miguu nje inatafuta ngazi, jirani kwenye baraza lake akapiga kelele mwizi! Bibi akatoa kichwa pembeni yangu akajibu kwa sauti ya mtaa mzima, "Acha kelele, ni mtoto wangu wa Afrika, amejipaka rangi ndani!" Jirani akanyamaza kidogo, afu akauliza, kwa nini?

Mjukuu akasema panda pikapu nikuwahishe darajani kabla jua halijazama. Viatu sina. Bibi akanirushia malapa yake ya ndani, pinki, yana manyoya, namba 38. Mimi navaa 44.

Daraja la Edmund Pettus lina kilima. Ukianzia upande wa mjini hauoni ng'ambo mpaka ufike kileleni, na ndivyo ilivyokuwa Machi 7, 1965, watu kama 600 wanaodai haki ya kupiga kura wanapanda wawili wawili, wanafika juu ndo wanawaona polisi wa jimbo wamejipanga wanawasubiri. John Lewis, mmoja wa viongozi wao, alikuwa mbele, miaka 25, walimpasua fuvu. Na jina lililoandikwa juu ya chuma kwa herufi kubwa mpaka leo ni la jenerali wa jeshi lililopigania utumwa. Nilikuwa nayawaza hayo kwa uzito wote unaostahili huku visigino vyangu viko nje ya malapa vinagusa lami na kila hatua inalia papa, papa, papa.

Nafika kileleni, nawaona ng'ambo. Sio polisi. Ni wenzangu wote kumi na moja wanarudi na yule mzee wao wa kuwaelezea. Wakasimama. Mzee akatazama miguu yangu, akavua kofia, akasema, "Haya malapa nayajua."

Kumbe walisoma darasa moja.

Asubuhi yake tukarudi kumalizia kibaraza. Rangi ilishakauka, viatu nikavibandua kwa spachula, soli moja ikabaki. Nikamwambia bibi nitaikwangua nipake upya, akakataa, akasema niondoe mkono wangu kwenye brashi. Tulipoagana nikasahau tena nikasema shikamoo.

"Detroit," akaniitikia.