Mjomba, Mkaa na Thamani ya p

Mjomba hanywi chai ya gesi. Anadai inanuka mtungi, na ya mkaa anaitambua hata akifungwa kitambaa machoni. Nilipokuja likizo na takwimu zangu za chuo, nikamwambia, "Mjomba, hilo linapimika."

Nilimpa jaribio alilolieleza mwanatakwimu Ronald Fisher katika kitabu chake cha 1935, la mwanamke aliyejua, kwa maneno yake mwenyewe, kama maziwa yametangulia kikombeni au chai. Vikombe vinane, vinne vya mkaa, vinne vya gesi, vimechanganywa. Anayebahatisha hupatia vyote mara 1 tu kati ya 70, yaani p, uwezekano wa kufika hapo au zaidi kwa kubahatisha tu, ni 0.014; ikiwa ndogo hivyo, ni vigumu kusema ni bahati.

Mjomba akapatia vitatu vya mkaa kati ya vinne.

"Asilimia 75! Hata shule sikuwahi kuipata!"

Nikamwonyesha hesabu: anayebahatisha hufika hapo au zaidi mara 17 kati ya 70. p ni 0.24.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bado hatujui."

Akamgeukia mkewe. "Pika nyingine."

Raundi hiyo alipatia viwili, p ikaruka hadi 0.76. Haihesabiwi, akasema, chai ilipoa. Iliyofuata nayo ikafutwa, eti jogoo aliwika akamvuruga. Nikaanza kumweleza kwamba kwa mtu anayebahatisha p hutangatanga tu, mara juu mara chini, na ukirudia bila kuchoka ipo siku itatua pale unapopataka. Hakunisikia, alikuwa chooni. Chai yote ile, na umri wake.

Aliporudi akaonja, akatema. "Hii haina utamu! Gesi hii!" Akavitenga vyote bila kukosea hata kimoja. 0.014! Akawapigia simu ndugu zake wote, wala hakuna aliyesimuliwa habari za jogoo. Mtungi niliowanunulia mimi ukatupwa uani, nami nikakabidhiwa pepeo la mkaa.

Jioni mkewe akauliza, "Kuna anayekwenda dukani? Sukari iliisha kwenye ile raundi ya mwisho. Sufuria ya gesi sikuitia hata chembe."

Mjomba akanitazama. "Sasa huyo p wako hakuonja?"

"Mjomba, p hana ulimi."

"Basi na wewe funga wako, upepee."