Fimbo za Gofu Ulizonazo: Je, Kuna Faida Kuzipima Upya?

Wachezaji wengi wa gofu mjini Lubumbashi hawakupimwa urefu wala mikono siku walipopata fimbo zao. Wengine wamezirithi kwa jamaa, wengine waliuziwa na mgeni wa kampuni ya madini aliyekuwa akirudi kwao, na wengine waliagiza mitumba kutoka Afrika Kusini. Mpira unapoanza kwenda upande mmoja kila mara, huzuka swali kama inafaa kumlipa fundi azirekebishe fimbo hizo zimfae mwenyewe, au kama fedha hiyo ingefaa zaidi kwa mwalimu.

Hoja nzito ya wanaounga mkono ni pembe ambayo shafti, yaani mti mrefu wa fimbo, hufanya na ardhi kichwa cha fimbo kinapotua. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, fimbo iliyosimama mno huinua ncha ya kichwa na kuupeleka mpira kushoto, na iliyolala mno huupeleka kulia. Kosa hilo huonekana zaidi kwenye fimbo fupi, ambazo ndizo tunazozitegemea kulenga bendera. Tena mchezaji hujizoesha kulifidia kwa viganja bila kujua, na mwalimu hubaki akitibu mkono ilhali ugonjwa umo kwenye mfuko wa fimbo.

Hata hivyo, si kila fimbo inakubali kurekebishwa. Kichwa cha chuma laini kilichofuliwa hupindika digrii kadhaa bila shida, lakini kile cha chuma kigumu kisichoshika kutu, kilichomiminwa kwenye kalibu, kinaweza kupasuka, na mafundi wengi hawathubutu kuvuka digrii 2. Isitoshe, kila badiliko huzaa jingine. Ukiongeza urefu wa shafti kwa nusu inchi, kichwa huhisiwa kizito zaidi na fimbo husimama zaidi inapotua. Ukiusimamisha uso wa kichwa, yaani upande unaopiga mpira, ili mpira uende mbali, ukingo wa chini huwa mkali, jambo ambalo halitakusumbua kiangazi udongo wetu mwekundu ukiwa umekauka, ila mvua zikianza Novemba fimbo itachimba. Na kubadilisha shafti zote za seti ya zamani, kwa maoni yangu, ni kununua koti jipya kwa ajili ya vifungo: gharama inaweza kuipita thamani ya seti nzima.

Lipo rekebisho ambalo sioni sababu ya kulikataa, nalo ni kubadilisha mpira wa kushikia, ule unaovikwa juu ya shafti pale mikono inaposhika. Vumbi na jua huukausha, mchezaji hukaza vidole ili fimbo isimponyoke, na mkono uliokazwa haupigi vizuri. Kipimo chake ni chepesi: kwa anayetumia mkono wa kulia, ncha za vidole vya kati vya mkono wa kushoto ziguse kiganja kidogo tu. Mpira huo wa kushikia ukiwa mwembamba, fundi huongeza utepe chini yake.

Kuhusu pembe, mtu apime kwanza ndipo alipe. Chora mstari wa kalamu ya wino mzito nyuma ya mpira, uuelekeze wima kuelekea uso wa fimbo, kisha upige. Alama itakayobaki usoni ikisimama wima, pembe inakufaa. Ikiinama upande uleule mpira baada ya mpira, fimbo ndiyo yenye kasoro. Alama zikitawanyika huku na huku, mpigo wenyewe haujatulia, na huyo aende kwa mwalimu, kwa maana fimbo iliyopindwa kwa mpigo wa leo haitamfaa mpigo wake ukibadilika. Mwenye fimbo za mtumba za kampuni ya Ping atazame pia nukta ya rangi kichwani: nyeusi ni pembe ya kawaida, na rangi nyingine huonyesha kwamba zilitengenezwa kwa mtu wa umbo au mpigo tofauti.

Anayelazimika kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia au kupanda ndege kumfuata fundi asiondoke kabla ya jaribio hilo, kwa sababu nauli inaweza kuzidi malipo ya kazi yenyewe. Draiva za kisasa, yaani fimbo ndefu za kupigia mbali, zenye shingo inayofunguka pale shafti inapoungana na kichwa, hazihitaji safari: ufunguo wake mdogo unatosha, mradi usitumiwe raundi ikiwa imeanza, kwani kanuni zinakataza.