Prosesa haiuawi na kasi

Juzi nilikuwa kwenye benchi la fundi mmoja karibu na soko la Kibuye, Kisumu, nikisubiri pawasaplai yangu, akaingia kijana amekumbatia kasha la kompyuta kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa. Kazi yake ni kuhariri video za mazishi na za kwaya. Mashine yake ina Pentium G3258, imeanza kumchelewesha kazini, na amesikia kwamba prosesa hiyo, yaani kile kipande kinachopiga hesabu zote za kompyuta, inakubali kuovaklokiwa, kukimbizwa kwa kasi zaidi ya ile ya kiwandani. Fundi hakuinua hata macho. "Kijana yangu, hiyo ni kuiua. Weka SSD, ongeza RAM, uende." SSD ni diski ya kasi, RAM ni kumbukumbu ya kazi. Sisi wa benchini tukacheka. Kijana akalikumbatia kasha lake tena akatoka.

Fundi namheshimu, na kukataa kwake nitakutetea hapa chini. Ila lile neno "kuiua" limekuwa likinirudia, maana ndilo jibu analopewa kila anayeuliza habari ya ovakloki, uwe Kondele au Nakuru mjini. Linasemwa kwa uhakika wa daktari, na huyo anayelisema mara nyingi hajawahi kuona prosesa hata moja iliyokufa kwa sababu hiyo. Mimi nimekaa kwenye mabenchi haya miaka mingi. Nimeona pawasaplai zilizolipuka, kapasita zilizovimba, feni zilizoziba vumbi hadi zikasimama. Prosesa iliyokufa kwa kasi peke yake sijaiona.

Tatizo linaanzia kwenye namba ya kasi iliyochorwa juu ya kifuniko cha prosesa. Watu huichukulia kama mwiko: imeandikwa gigahezi 3.2, basi 3.3 ni dhambi. Namba ile ni ahadi ya kiwanda kwamba kila kipande cha aina hiyo, hata kile kilicho dhaifu kuliko vyote, kikiwa ndani ya kasha lenye joto na feni ya kawaida, kitafika hapo bila kukosea hesabu. Vipande vingi vina akiba juu ya ahadi hiyo. Na kuna nyakati namba imekuwa ya soko kuliko ya maumbile. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya Celeron 300A ya megahezi 300: basi, yaani mapigo ya bodi mama, ni 66, na kizidishi, namba inayozidishwa na mapigo hayo kupata kasi, ni 4.5. Waliokuwa na bodi ambazo basi yake ingeweza kupiga 100 walibadilisha mpangilio mmoja tu, wakapata 450, kasi ileile ya Pentium II iliyokuwa ikiuzwa ghali mara kadhaa mwaka huohuo. Silikoni ilikuwa na uwezo tangu mwanzo. Lebo ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu.

Hii G3258 ya kijana ina hoja nzito zaidi. Ilitoka mwaka 2014, kuadhimisha miaka 20 ya jina Pentium, na Intel wenyewe waliiacha kizidishi chake wazi kwa makusudi, kwa bei ya dola 72. Aliyeitengeneza aliuacha mlango bila kufuli ili mnunuzi wa hali ya chini aingie. Sasa sisi, zaidi ya miaka kumi baadaye, tunamwambia mnunuzi wa mtumba kwamba kuingia ni kuvunja nyumba.

Basi ni nini kinachoua? Ni volteji, ule msukumo wa umeme, na joto lake. Na hapa kuna hesabu moja ambayo natamani ingebandikwa kwenye ukuta wa kila duka la kompyuta: umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji.

Nina G3258 yangu pia, kwenye bodi mama ya bei ya chini, aina ya H81. Kwa 3.2 ya kiwandani inakula takriban volti 1.1. Nilipopandisha kizidishi hadi 38, yaani gigahezi 3.8, sikugusa volteji hata kidogo, na programu ya kuikamua, yaani kuijaribu kwa mzigo mzito, ilikesha nayo bila kosa. (Nasema ilikesha, usiku wa kwanza stima ilikatika saa nane, nikaanza upya kesho yake.) Kufika 4.4 ilinibidi nipandishe hadi volti 1.25.

Chukua kalamu. Kutoka 3.2 hadi 3.8 kwa volteji ileile, kasi imeongezeka asilimia 19 hivi, na joto nalo asilimia 19 hivi. Umelipa ulichopata. Kutoka 3.8 hadi 4.4 unapata asilimia 16 nyingine ya kasi. Volteji imepanda kutoka 1.1 hadi 1.25, kitu ambacho machoni ni kidogo, asilimia 14 tu. Lakini uipige mraba inakuwa asilimia 29, kisha uizidishe na kasi, na joto limeruka kwa karibu asilimia 50. Nusu nzima, kwa asilimia 16! Ukilinganisha na kiwandani, mashine inakimbia zaidi kwa asilimia 37 na kitu, na inachemka zaidi kwa asilimia 78.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu inaonyesha kwamba neno "ovakloki" linabeba vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kuchukua akiba iliyokuwa imelala. Cha pili ni kununua kasi kwa joto, kwa bei inayopanda kila hatua. Wanaojisifu kwa 4.6 na 4.7 wanafanya cha pili. Fundi anaposema "kuiua" anakiwaza cha pili, kisha anakitumia kumnyima kijana cha kwanza.

Kwa mwenye kazi kama ya kijana yule, cha kwanza si kidogo. Video inayochukua saa moja kutoka ikiwa prosesa iko 3.2 itachukua dakika 50 na ushei kwa 3.8, ukichukulia kwamba mzigo wote uko kwa prosesa, jambo ambalo halitimii kikamilifu lakini kwa kutoa video linakaribia. Kwa 4.4 ni chini ya dakika 44 kidogo. Kwa hiyo hatua ya kwanza imekuokolea dakika tisa na nusu bure. Ya pili imekuokolea saba, na imekudai kipozajoto kipya. Mazishi yakiwa Jumamosi na familia inataka flashi kabla ya wageni wa Nairobi kupanda basi Jumapili, dakika tisa kwa kila saa zina maana yake.

Na stima? Kwa hatua ile ya kwanza, tuseme mashine inakula wati 20 zaidi ukutani ikiwa kazini, saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni uniti nne na kidogo. Hata ukiihesabu uniti kwa shilingi 30, hujafika 130. Tokeni si hoja.

Hoja ya joto la mahali ina uzito kiasi, na wanaopenda kuiga mipangilio ya Wazungu hawaifikirii. Vipimo vingi tunavyosoma vimechukuliwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hivi. Kisumu mchana hufika 30 bila taabu, na nyuzi kumi za chumbani huingia kwenye prosesa karibu zote kama zilivyo. Nakuru kuna nafuu ya baridi, ila Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na feni ileile inasukuma hewa kidogo kuliko ingesukuma Mombasa. Halafu kuna vumbi, ambalo Nakuru halihitaji kuelezwa. Wengi husema hata jina la mji linatokana na neno la Kimaasai la vumbi. Haya yote yanataka upunguze tamaa na usafishe feni. Hayafanyi joto la 3.8 kuwa la 4.4.

Sasa fundi.

Hoja yake ya kwanza, ambayo hakuisema kwa sababu hakuwa na haja, ni kwamba swali lenyewe haliwahusu wateja wake wengi. Mashine zilizojaa kwenye rafu zetu ni za ofisi zilizotoka Uingereza: OptiPlex za Dell, Compaq Elite za HP. BIOS zake, yaani programu za bodi zenye mipangilio hii, zimefungwa, na tangu kizazi cha prosesa cha Sandy Bridge cha mwaka 2011 Intel ilifunga na saa ya msingi (yale mapigo ya bodi) pia, hivyo prosesa ya i3 au i5 ya kawaida haipandi popote pa maana bila herufi K mwishoni. Kwa zile za kale zaidi kulikuwa na ujanja. Prosesa ya Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007 ilikuwa ikibandikwa kipande cha selotepu kwenye mguso mmoja wa chini, bodi ikadanganyika kwamba basi ni 333 badala ya 266, na 2.4 ikawa 3.0. Ujanja mtamu, lakini ule si wa kumfanyia mteja aliyeshika nauli mkononi. Tena yale makasha membamba huja na pawasaplai ya wati 240 hivi, ya umbo lake peke yake. Ikichoka, kuipata nyingine ni safari.

Ya pili ni ushauri wake wa SSD. Hapo sina ubishi. Anayeendesha saiba, anayejaza fomu za mkopo wa masomo wa HELB na kulipia huduma za serikali kwenye eCitizen, hasubiri prosesa. Anasubiri diski na mtandao. Kumwongezea huyo gigahezi ni kumnunulia mwenye njaa viatu. Na hakuna kasi itakayoiongezea G3258 viini, zile sehemu zinazofanya hesabu kwa pamoja: ina viwili tu, vyenye uwezo wa kazi mbili kwa wakati mmoja, na tangu mwishoni mwa 2014 kulikuwa na michezo mikubwa iliyokataa hata kufunguka kwenye prosesa ya namna hiyo. Windows 11 nayo kwa jumla inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, na Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ovakloki haimpandishi mtu kizazi.

Ya tatu ndiyo inayonifanya nisimlaumu. Prosesa iliyopandishwa kupita kiasi kidogo tu si lazima izime. Inaweza kuendelea vizuri wiki nzima huku ikikosea hesabu moja katika mabilioni, na kosa hilo likaingia kwenye faili. Video inatoka na madoa dakika ya arobaini, pale mjane anapozungumza. Faili la zipu linakataa kufunguka. Hakuna moshi, hakuna harufu, na hakuna wa kushuku. Fundi anayetoa garantii ya miezi mitatu kwa mdomo ndiye atakayerudishiwa kasha hilo, na hataweza kuthibitisha kama shida ni kizidishi, RAM, au stima iliyokuwa ikipanda na kushuka. Kijana anavuna dakika tisa; fundi anabeba lawama. Ningekuwa yeye ningekataa pia, walau kama kazi ya kulipwa.

Lakini angemwambia hivyo! Angesema, mimi siwezi kuisimamia, ila ukitaka kujaribu mwenyewe, usiguse volteji, panda hatua moja moja, ikamue usiku kucha kila hatua, na ukiona kosa moja rudi hatua mbili chini. Kijana angeenda nyumbani na maarifa. Badala yake ameenda na hofu, na hofu ya namna ile kwa kijana wa miaka ishirini haidumu. Ataingia YouTube, atamkuta mtu mwenye kipozajoto kikubwa kama sufuria ya harusi akiweka volti 1.35, ataiga, na hapo kweli maneno ya fundi yatatimia.

Kama kijana angeniuliza mimi, ningemwambia aanze na SSD ya fundi, kwa sababu ndiyo itakayoonekana kwa macho. Kisha abadilishe pesti ya kupitisha joto, ambayo kwa mashine ya umri huo huwa imekauka kama ugali wa juzi. Kisha, kabla ya kutafuta pesa za prosesa nyingine, achukue ile akiba ambayo ameshailipia. Angekuwa wa saiba ningeishia kwenye pesti.

Yangu bado iko 38 mwaka wa tatu sasa, volteji ileile, feni ileile iliyokuja nayo. Kuanzia Januari hadi Machi, jua la Kisumu likikaza na mabati yakianza kulia, huishusha hadi 36 nikaisahau mpaka mvua ije.