Jangwani mchanga umezidi, Kunduchi haupo

Masika yakikolea jijini Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, inapovuka Mto Msimbazi. Mabasi ya mwendokasi yanageuza Magomeni, na anayewahi Kariakoo anatafuta njia ya kuzungukia Kigogo. Maji yakishapungua, chini ya daraja linabaki tope na mchanga, na vijiko, zile mashine za kuchimbia, vinashuka kuuchota upya. Ukienda kaskazini hadi Kunduchi, kilio ni cha kinyume: ufukwe unaliwa. Hoteli ya Africana, iliyokuwa na jina kubwa enzi zake, ufukwe wake uliliwa na bahari. Siku hizi wengi wanalijua jina hilo kama kituo cha daladala tu.

Kwangu mimi haya ni matatizo ya ukoo mmoja, na mjadala wa Bonde la Msimbazi, wa nani aondoke na nani abaki, umekwama kwa sababu kila mara tunauanzia chini, kwa wakazi wa mabondeni.

Wanaosema watu hao waondoke wana hoja nzito. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua kama ile haikuwahi kunyesha jijini tangu 1954. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Bahari ikipanda na mvua kubwa ikizidi kuwa ya kawaida, mto unaoingia baharini pale Daraja la Salender utakutana na maji kujaa mara nyingi zaidi, na maji yasipopata pa kwenda hurudi nyuma, kwenye vyumba vya watu.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Anayeishi Jangwani anatembea kwa miguu hadi sokoni Kariakoo. Waathirika wa 2011 walipewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na katikati ya jiji, na kibarua au mama lishe hawezi kumaliza faida yake yote kwenye nauli. Wapo waliorudi. Halafu kuna wapangaji, ambao fidia ya nyumba haiwahusu kwa sababu nyumba si yao. Ilipokuja bomoabomoa ya Desemba 2015, alama ya X nyekundu, iliyochorwa kwenye nyumba za kubomolewa, haikuuliza nani mwenye nyumba na nani amepanga. Na hoja inayonishinda kuijibu ni hii: bonde hilohilo lililoambiwa si salama kwa binadamu ndilo lililochaguliwa kuwa karakana ya mabasi ya mwendokasi. Maji yaliingia, mabasi yakazama kwenye tope. Mkazi wa mabondeni akicheka, tumlaumu kwa lipi?

Pamoja na hayo, naona bonde lirudishiwe mto. Ila tupande juu kidogo. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kupokea maji ya Gongo la Mboto, Kinyerezi na Tabata, maeneo ambayo miaka si mingi iliyopita yalikuwa mashamba na mikorosho. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa una watu milioni 4.36; ya 2022, milioni 5.38. Milioni moja ya ziada ina mabati yake, lami yake na nyua zilizosakafiwa, na mvua iliyokuwa ikinywewa na ardhi sasa inakimbilia mtoni. Njiani inakuta kingo zilizokwisha kuchimbuliwa na wachimba mchanga, inazibomoa, inabeba. Ndiyo tope la Jangwani hilo.

Upande wa Kunduchi, mito kama Tegeta na Mbezi ndiyo iliyokuwa ikiulisha ufukwe. Mchanga wake ukipakiwa kwenye lori kabla haujafika baharini, mawimbi yanaendelea kuchukua na hakuna kinachorudishwa. Kuta zinasaidia: ule wa Barabara ya Barack Obama, uliokamilika 2018, unailinda barabara kweli. Lakini ukuta hauzai mchanga, na wimbi lililozuiwa hapa huweza kwenda kula kwa jirani.

Ni rahisi kumkamata kijana mwenye sepetu. Yeye anapata hela ya ugali wa siku. Faida iko kwa mwenye lori, na kwa sisi tunaojenga. Sijaona anayeuliza fundi mchanga wa tofali zake umetoka mto gani. Kupiga marufuku bila kuonyesha machimbo halali kunapandisha bei tu na kuhamishia uchimbaji usiku.

Sasa upo mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Daraja la Jangwani litainuliwa, karakana ihamishwe, mto uchimbwe na kupanuliwa, bustani ya jiji ipandwe. Udongo utakaochimbwa utainua ardhi ya pembezoni ili ijengeke. Kifedha ina mantiki, maana ardhi ya thamani inaweza kulipia matunzo. Lakini aliyewekewa X akiona ghorofa zinapanda jirani na palipokuwa chumba chake, hakuna hotuba ya mazingira itakayomwingia. Ningetaka sehemu ya nyumba hizo iwe ya kodi anayoimudu mtu wa Kariakoo.

Na kama kingo za Kinyerezi zitaachwa ziendelee kumomonyoka, daraja jipya nalo litakuwa na kijiko chake chini, kila Mei, kikichota.