Mkulima wa karafuu akikabidhiwa mkoa

Pemba kuna hoja isiyozeeka: kwa nini mikoa yetu miwili, Kaskazini na Kusini, isiongozwe na watu waliotoka shamba? Kisiwa kimeibeba karafuu ya Zanzibar tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Siasa zake, hata hivyo, zimetoka zaidi ubaoni. Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar kabla ya Mapinduzi, alikuwa mwalimu, na Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe na kiongozi wa upinzani kwa miaka mingi, pia alikuwa mwalimu.

Mkulima anayajua yale ambayo mtu wa ofisi huyajifunza kwa taabu. Karafuu huchumwa inapoanza kuingia wekundu, kabla haijafunguka. Siku hiyo hiyo hutenganishwa na makonyo, yaani vijiti vyake, na kuanikwa. Ikilala imerundikwa hupata joto, huchacha, na ikikauka hutoka nyepesi, imefifia rangi. Jua zuri huimaliza kwa siku 4 au 5, na kilo 3 mbichi hubakia kama kilo 1. Mvua ikiingia siku ya pili, anayeumia ni mwenye jamvi moja juu ya udongo. Mkuu wa mkoa anayeyajua haya hangoji ripoti imwambie barabara gani ya ndani ipitike kabla ya msimu.

Faida kubwa zaidi iko kwenye magendo. Mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, na karafuu haina mnunuzi halali ila Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Asiyejua shamba hutegemea doria za KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, peke yake. Aliyelima anajua mambo yanaanzia wapi: wachumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha karafuu waliyochuma, nao hawangoji karafuu ikauke. Mwenye shamba asiye na fedha hukopa kwa jirani, na jirani hutaka karafuu, si shilingi. Hiyo ndiyo inayovushwa usiku kwenda Kenya. Mkopo wa wiki mbili kabla ya kuchuma huzuia magendo kuliko boti ya doria, na hili nalishikilia kwa dhati.

Lakini wanaopinga nao hawasemi ovyo. Mkuu wa mkoa hapigiwi kura. Ibara ya 61 ya Katiba ya Muungano inampa Rais wa Zanzibar uteuzi huo, baada ya kushauriana na Rais wa Muungano. Bei ikiwakera wakulima, mkulima mwenzao atawajibu kwa niaba ya Serikali, na huenda uchungu ukazidi kwa kuwa ni mwenzao. Kisha ana mikarafuu yake. Msimu ukifika, shamba lake linamtaka miezi ile ile ambayo mkoa unamtaka. Na migogoro ya eka tatu tatu, zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na leo zinagombaniwa na wajukuu, atasimamiaje upatanishi ikiwa na yeye ni mjukuu mmojawapo?

Kwangu mimi, pingamizi hili la mwisho lina nguvu kuliko yote, ila lina dawa. Atangaze mashamba yake, idadi ya mikarafuu na nani anayeikodi, kisha ajitoe katika kila kikao kinachogusa shehia, eneo dogo la utawala, yenye shamba lake. Kutangaza bila kujitoa hakutoshi: sheha wa pale, kiongozi wa shehia, ambaye uteuzi wake unategemea ofisi ya mkoa, hatothubutu kumgusa.

Liko jambo jingine ambalo watetezi hulipita mbio. Kaskazini Pemba ni Wete na Micheweni. Sehemu kubwa ya Micheweni ni maweni, ardhi ya mawe, mkarafuu hausimami; watu wanaishi kwa uvuvi na mwani. Tunaposema “mkulima apewe mkoa”, tunamkusudia mwanamume mwenye mikarafuu. Mwanamke anayeshuka pwani maji yakipwa, akafunga mwani kwenye kamba na kurudi kuuanika, naye ni mkulima, na jina lake hatujalitaja.