Bunduki ya Vipande vya Kununua Nayo Ina Fundi Wake

"Kaka, mtutu umenunua, mtambo umenunua, mti nao umeununua ukiwa umekwisha kukatwa na mashine. Sasa hapo wewe umetengeneza nini?"

Swali hili hunijia kila ninapowaonyesha Waswahili wenzangu hapa Pennsylvania bunduki yangu ya kwanza ya gumegume, na Wamarekani wanaozijua silaha kuliko mimi huniuliza vilevile. Silipuuzi. Ndani yake mna dhana kwamba fundi wa kweli huanza na gogo la mti na pande la chuma, na wengine wote ni waunganishaji tu. Dhana hiyo naipinga, na historia ya bunduki hizi inaipinga kabla yangu.

Ninayoisema ni ile bunduki ndefu ya Pennsylvania, ambayo wengi huiita ya Kentucky. Ilizaliwa katika karne ya 18 mikononi mwa wahamiaji wa Kijerumani na Kiswisi, hasa Lancaster na sehemu za jirani. Walikuja na bunduki ya wawindaji wa kwao, fupi na nene. Huku ikarefuka mpaka mtutu ukapita inchi 40, na tundu lake likapunguzwa ili pauni moja ya madini ya risasi itoe gololi nyingi zaidi za kufyatua, maana mwindaji aliyeingia msituni alibeba risasi na baruti yake yote mgongoni. Mafundi kama Jacob Dickert wa Lancaster walijipatia jina kwa kazi hiyo. Lakini zichunguze bunduki za Pennsylvania za mwisho wa karne ile na mwanzo wa karne ya 19: kwenye mtambo, yaani kile kifaa cha ubavuni kinachopiga jiwe na kutoa cheche, mara nyingi utakuta jina la Ketland, nalo ni jina la Birmingham, Uingereza. Mtambo ulivuka bahari, ukauzwa dukani, fundi akaununua. Mitutu nayo ilikuwa na watu wake, wenye vinu vya maji vya kutoboa chuma, ambao waliwauzia mafundi mitutu mitupu. Hawa walikuwa watu wa kazi wenye familia za kulisha, na kununua kipande kizuri kutoka kwa anayekijua zaidi hakukuwavunjia heshima hata kidogo.

Kufanya kila kitu peke yako, tangu kufua mtutu kwa nyundo mpaka skrubu ya mwisho, ni jambo jingine kabisa. Wallace Gusler alilifanya miaka ya 1960 kule Williamsburg, Virginia, na watu wa fani hii wanalizungumzia mpaka leo kwa sababu lilikuwa nadra mno. Namheshimu sana. Ila kumfanya yeye ndiye kipimo cha kila anayeshika tupa ni kuwaonea hata mafundi wa karne ya 18.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mti wa bunduki, yaani kitako na kalio la mtutu, ni wa mepo (Waingereza huuita "maple"), nao unakuja umekatwa karibu na umbo lake, na neno zito hapo ni "karibu". Mfereji wa mtutu upo, lakini mtutu hauingii. Unachukua masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta, unaupaka mtutu safu nyembamba, unaulaza ndani ya mti, unaubana kidogo, halafu unautoa. Penye alama nyeusi ndipo chuma kinapogusa. Unakwangua hapo kwa patasi, chembe tu, nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha unapaka tena. Kwa muda mrefu utaona vidoa vitatu vinne vyeusi mahali palepale na utaamini hakuna kinachosogea. Kisha siku moja weusi unasambaa mfereji mzima, toka nyuma mpaka mbele, na mtutu unakaa bila kusukumwa. Mashine haikukufanyia hilo, wala aliyekuuzia. Mtambo, bamba la kitako na kinga ya kifyatulio vyote vinadai uvumilivu huohuo.

Kuna jambo moja ambalo mtu aliyelelewa Pwani hawezi kulihisi mpaka aishi na majira ya baridi. Nyumba ikiwashwa hita, hewa inakauka na mti unasinyaa. Kiangazi chenye unyevu kikirudi, unavimba. Chuma hakifuati mwendo huo. Ndiyo maana matundu ya vijiti vya chuma vinavyoushika mtutu hupanuliwa kidogo kwa urefu kwenye masikio ya mtutu, yaani vile vipande vidogo vya chuma vilivyoshikizwa chini yake, ili mti upate nafasi ya kusogea bila kupasuka. Asiyejua sababu ataona ni uzembe. Ni ufundi wa hali ya juu, na ukikosekana mti utapasuka mtu akiwa amekwisha kusahau nani aliutoboa.

Rangi ndiyo inayowavutia watu. Asidi ya nitriki iliyoyeyusha chuma inapakwa kwenye mti mweupe, inaonekana kama maji machafu ya kijani, kisha unapitisha joto na mistari ya mepo inaibuka kahawia, kama ngozi ya chui. Asidi hiyo ni hatari kwa macho na mapafu, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, tena kwa glavu na miwani. Baadaye inakuja mafuta ya kitani, safu juu ya safu, na hapo hakuna cha kuhadithia ila kusubiri.

Si kila seti ya vipande ni sawa, na hapa nitasema bila kumung'unya. Seti ambayo mti umekwisha kupakwa rangi, mtutu umekaa, na kilichobaki ni skrubu nne, hiyo ni bidhaa ya duka. Mpaka wangu ni huu: bunduki ingeweza kuharibika mikononi mwako? Kama jibu ni ndiyo, na haikuharibika, wewe ni fundi wake.

Mwanzoni bunduki yangu haikufyatuliwa kutoka begani. Ilifungwa kwenye tairi kuukuu, nikavuta kifyatulio chake kwa kamba ndefu kutoka nyuma ya kinga, na baada ya hapo mtutu ukakaguliwa. Baruti ni nyeusi tu. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi ikishindiliwa ndani ya bunduki hii inaweza kuupasua mtutu na kumuua aliyeishika. Hilo nalirudia kwa kila anayeniuliza.

Ndugu zangu wa nyumbani wanasoma, kwa hiyo niseme na sheria. Sheria ya Marekani ya 1968 haiihesabu bunduki ya kale, wala nakala yake ya kushindilia baruti mdomoni, kuwa silaha kama zile za kisasa, ingawa majimbo yana masharti yao. Ndiyo maana vipande vyangu vililetwa mlangoni. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na chini ya sheria hizo anayetengeneza gobori bila leseni anatenda jinai. Naona ni sawa. Magobori yamemaliza wanyama na yametoa roho za watu. Udhibiti si jambo geni kwetu: mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliwapa wafanyabiashara uhuru mkubwa, lakini bunduki na baruti kisiwani Unguja ziliuzwa kwa serikali tu. Kwa hiyo sitaki kijana yeyote wa Tabora au Kitui asome makala hii kisha atafute bomba.

Linabaki suala la jina, ambalo ndilo watu wa chama chetu cha walenga shabaha hubishania zaidi. Dickert aliandika jina lake juu ya mtutu, hata pale alipotumia mtambo wa Mwingereza. Wengine wanasema aliyejenga kwa seti asithubutu kuandika. Mimi nasema aandike, tena kwa herufi za kusomeka, maana jina lile ni dhamana. Aliyeuunda mtambo anadaiwa cheche. Aliyetoboa mtutu anadaiwa unyoofu. Kuhusu namna vyote vilivyokaa pamoja ndani ya mti, ikiwa kitu kitalegea au kupasuka, mtu wa kuulizwa ni mimi. Nimeandika jina langu na mwaka, na chini yake neno Lancaster, kwa kuwa ndiko ilikojengwa.